Ukimya na Kasi: Mizani ya Kazi ya Fundi wa Kompyuta

Mwenye kompyuta mpakato ambayo feni yake huvuma tangu inapowashwa hadi inapozimwa, na ambayo juu ya mvumo huo hutambaa katika kila kazi inayopewa, aghalabu humwendea fundi na malalamiko mawili, yaani kelele na uzito, akidhani kuwa amepatwa na misiba miwili. Fundi asiye hodari huyapokea malalamiko hayo kama yalivyoletwa na kuuza dawa ya kila moja mbali mbali. Fundi mahiri hushuku tangu mwanzo kuwa yote mawili yametoka katika sababu moja, nayo ni joto lililokosa njia ya kutokea. Tofauti hiyo ya fikira ndiyo mizani ya kazi nzima. Matengenezo yaliyotimia huleta ukimya na kasi kwa pamoja, na matengenezo yaliyoleta kimoja kwa kukipokonya kingine ni hila, hata kama mteja ametoka dukani akitoa shukrani. Makala haya yanakusudia kumpa mwenye mali macho na masikio ya kuitambua kazi njema, maana kazi hii hufungwa ndani ya jalada kwa skrubu kumi na kadhaa, na aliyeilipia hurudishiwa kitu kilekile alichokileta, kwa sura ileile na rangi ileile, asiwe na la kushika wala la kutazama.

Njia ya joto

Hapana hukumu ya haki bila ya maarifa ya kinachohukumiwa. Kwa hiyo yafaa kuanza na njia ambayo joto hupita. Tuchukue mfano wa kompyuta mbili ambazo huuzwa sana zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018. Nyingi kati yake zina prosesa ya Intel Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ambayo mwendo wake wa msingi ni gigahezi 1.6 na mwendo wake wa juu ni gigahezi 3.4. Uso wa prosesa hiyo hauzidi ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na katika eneo dogo kama hilo huzalishwa joto la wati 15 kwa kazi ya kudumu, na zaidi ya hapo kwa kazi ya ghafla. Joto hilo hupokewa na sahani ya shaba iliyobanwa juu ya prosesa. Baina ya nyuso hizo mbili hupakwa pesti ya kupitisha joto. Kutoka kwenye sahani joto husafiri kwa mrija wa shaba mpaka kwenye mapezi membamba yaliyopangwa ukingoni mwa kompyuta. Na hapo feni, iliyovuta hewa kutoka chini, huisukuma hewa hiyo kupitia mapezi, itoke nje pamoja na joto lake.

Mrija huo si ujiti mtupu wa shaba kama wengi wanavyodhani. Ndani yake, mahali palipoondolewa hewa na kuzibwa, mna maji kidogo mno, ambayo kwa sababu ya kukosa kanieneo ya hewa huchemka kwa joto dogo. Mvuke wake hukimbilia upande wa baridi, huko hugeuka kuwa maji tena, na maji hurudi yalikotoka kwa kunyonywa na utambi uliotandazwa katika kuta za ndani. Chombo hicho kilipewa umbo lake la leo na George Grover katika maabara ya Los Alamos, nchini Marekani, mwaka 1963, wakati ambapo kompyuta ya kupakatwa mapajani haijamjia mtu hata katika ndoto. Mwenye kulijua jambo hilo huona mara moja aibu ya fundi anayeinua sahani kwa kuukamata mrija kama mpini, kwa sababu mrija uliopindwa au kutobolewa hufa bila ya kuonyesha jeraha, na kompyuta iliyoingia dukani na vumbi hutoka dukani na kilema.

Joto likizidi, feni huongezewa mwendo; feni ikishindwa, joto hupanda mpaka nyuzi 100 za Selsiasi, ambao ndio mpaka wa prosesa tuliyoitaja, na hapo prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kelele hutangulia na uzito hufuata, na muda ulio baina ya hivyo viwili, ambao huweza kuwa miezi mingi, ndio muda ambao mwenye kompyuta huzoea mvumo na kuuona kuwa ndiyo tabia ya mashine yake.

Upepo unavyoshuhudia

Kabla ya bisibisi kuguswa, fundi stadi huweka kiganja mbele ya tundu la kutolea hewa, akaacha kompyuta ifanye kazi nzito kwa dakika chache, na kuusoma upepo. Elimu hii ni rahisi, nayo humfaa mwenye mali kama inavyomfaa fundi.

Feni ikivuma kwa nguvu, na upepo unaotoka ukawa mchache lakini moto sana, joto linafika kwenye mapezi bali hewa haipiti: mapezi yamezibwa na vumbi. Feni ikivuma vilevile, na upepo ukawa mwingi lakini wa uvuguvugu tu, ilhali programu ya kupimia inasema kuwa prosesa iko juu ya nyuzi 95, basi hewa inapita bali joto halifiki: pesti imekauka, au sahani haikugusa uso wa prosesa sawasawa, au mrija umekufa. Na upepo ukiwa mwingi na moto pia, njia yote ya joto ni salama na feni inatenda wajibu wake. Hapo la kutafutwa ni kazi gani inayoichosha prosesa, na kuifungua kompyuta kabla ya kuitafuta kazi hiyo ni kupoteza muda na skrubu. Hali ya nne ni ya kompyuta iliyo nzito huku imepoa na kunyamaza, nayo tutaizungumza mahali pake.

Masikio nayo yana sehemu yake. Mvumo wa upepo ni sauti pana isiyo na mikwaruzo, hupanda na kushuka taratibu kwa kadiri ya joto, wala si dalili ya ubovu wa feni yenyewe, bali ni ya feni nzima iliyolemewa. Mkwaruzo, mgugumio, au mlio wa tiki tiki unaobadilika kompyuta inapoinamishwa, huo ni wa ekseli iliyolika au wa panga lililogusana na kitu. Fundi anayetaka kuuza feni mpya kwa mvumo wa aina ya kwanza, au anayetaka kuuponya mkwaruzo wa aina ya pili kwa kupuliza vumbi, amejitangaza kuwa hakusikiliza.

Aidha, pwani na bara hazina maradhi sawa. Kompyuta iliyokaa Dodoma huleta vumbi kavu jepesi linalopeperuka kwa brashi. Iliyokaa Tanga, Mombasa au Unguja huleta vumbi lililoshikana kwa unyevu na chumvi ya bahari, pamoja na kutu ya kijani juu ya shaba na ukoko katika miguu ya viunganishi. Fundi wa pwani anayesafisha feni bila ya kuitazama bodi kwa ukoko huo ameiacha nusu ya kazi.

Mikono kazini

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Na katika ufundi huu uundaji wenyewe huonekana kwa muda wa nusu saa tu, wakati jalada liko wazi. Mteja aliyeruhusiwa kusimama karibu na meza na asisimame amejinyima ushahidi bora kuliko wote.

La kwanza la kutazama ni betri. Baada ya jalada kutoka, kabla ya chochote kingine, kiunganishi cha betri huchomolewa kutoka kwenye bodi, kwa sababu bodi yenye umeme na ncha ya bisibisi iliyoteleza havikutani salama. Fundi mwangalifu hutumia pia nafasi hiyo kuitazama betri kama imevimba, maana betri iliyovimba hulisukuma jalada na hata kuipinda fremu, na sahani ya shaba inayokaa juu ya bodi iliyopinda haikai sawa.

La pili ni skrubu. Katika kompyuta nyingi skrubu za jalada hazilingani urefu, na skrubu ndefu iliyorudishwa katika tundu la fupi huweza kuchoma bodi au kuinua plastiki ya juu. Fundi stadi huzipanga kwa mpangilio wa matundu yake juu ya karatasi au mkeka wa sumaku. Fundi mzembe huzimimina kisahanini, kisha akamaliza kazi na skrubu moja mkononi asiyojua kwake ni wapi, akaitia mfukoni.

La tatu, na ndilo lenye kupambanua zaidi, ni namna ya kuliondoa vumbi. Wapo wanaopeleka bomba la hewa kwenye tundu la nje, wakapuliza, likatoka wingu, na mteja akaridhika kwa kuliona wingu lile. Lakini vumbi lenye madhara halikai hapo. Hukaa ndani, baina ya feni na mapezi, mahali ambapo nyuzi za nguo, nywele na chembe za udongo hushikana siku baada ya siku mpaka zikawa utepe wa kijivu, mnene kiasi cha milimita chache, uliolala sawasawa juu ya midomo ya mapezi yote kama kwamba umefumwa kwa makusudi. Utepe huo, ukipulizwa kutoka nje, hurudi nyuma kidogo kuelekea kwenye feni, na siku feni inaporejea kazini husukumwa tena mahali pake. Hauondoki ila kifuniko cha feni kifunguliwe na utepe ushikwe kwa koleo nyembamba na kuvutwa, nao hutoka mzima mzima kwa vipande virefu. Fundi aliyeutoa hukuonyesha. Asiyeweza kukuonyesha hakuufikia.

Wakati wa kupuliza, mapanga ya feni hushikwa kwa kidole au kwa kijiti ili yasizunguke, kwa kuwa hewa ya kompresa huyazungusha kwa mwendo ambao ekseli haikutengenezewa, na mota inayozungushwa kwa nguvu huzalisha umeme wake yenyewe. Ni jambo dogo la kidole kimoja, lakini ukiliona kwa fundi umeona malezi yake.

Pesti

Baada ya sahani kufunguliwa huja hatua ambayo watu huizungumza kuliko wanavyoielewa. Kazi ya pesti ni kujaza vinyufa visivyoonekana kwa macho, ambavyo hubaki baina ya nyuso mbili hata zikiwa laini namna gani, na kuifukuza hewa iliyomo, kwa sababu shaba huishinda hewa kwa kupitisha joto zaidi ya mara 10,000. Pesti yenyewe haifiki hata karibu na shaba. Kwa hiyo ubora wake haumo katika wingi, bali katika wembamba wa tabaka linalobaki baada ya sahani kubanwa. Anayeipaka nene akidhani anaongeza ubaridi ameweka pazia mahali pa dirisha.

Kabla ya mpya kuwekwa, ya zamani huondolewa yote. Chombo cha kazi hiyo ni spiriti ya isopropili ya asilimia 99 pamoja na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi, na anayeitumia sharti asubiri ikauke barabara. Uso wa prosesa hupanguswa mpaka urejeshe mwangaza wake, na sahani ya shaba hupanguswa mpaka irejeshe rangi yake ya wekundu, bila ya kukwaruzwa kwa wembe wala kwa bisibisi. Hapa mteja aombe kuona nyuso zote mbili, kwa sababu kazi ya dakika mbili zijazo itafichwa kwa miaka.

Kisha yafaa kuitazama alama iliyoachwa na pesti ya zamani kabla haijafutwa, maana ina habari. Alama iliyoenea sawa uso mzima na kukauka hadi kupasukapasuka ni ya uzee tu. Alama iliyo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili husema kuwa sahani ilibanwa ikiwa imeinama. Alama ambayo katikati ni tupu na pembeni imejaa ni ya pesti nyepesi iliyosukumwa nje kidogo kidogo na kutanuka na kusinyaa kwa chuma, kila kompyuta ilipopata moto na kupoa. Mahali kama hapo pesti ya aina ileile itarudia tabia ileile, na fundi mjuzi huchagua iliyo nzito, au utando wa kubadilika kama PTM7950 wa Honeywell, ambao huwa mgumu ukipoa na kulainika kwa joto, ukakaa mahali pake.

Ipo pia metali ya maji, yaani mchanganyiko wa galiamu na madini mengine, ambayo hushinda pesti zote kwa kupitisha joto, na kwa sababu hiyo ina wapenzi wake. Lakini galiamu huila aluminiamu mpaka ikamomonyoka, na metali hiyo hupitisha umeme pia, kwa hiyo tone moja lililochuruzika juu ya bodi ni kifo cha bodi. Kwa kompyuta ya ofisini ya wati 15, ambayo kila siku hutiwa mkobani na kupandishwa daladala, anayeipendekeza ametaka kuonyesha ujuzi wake kwa mali ya mtu mwingine.

Sahani hurudishwa kwa kufuata nambari zilizochongwa kando ya skrubu zake, moja, mbili, tatu, nne, ambazo huenda kwa mshazari. Kila moja hukazwa kidogo, mzunguko ukarudiwa, hata zote zikafika mwisho kwa pamoja. Anayekaza ya kwanza mpaka mwisho ndipo aiendee ya pili amekwisha kuinamisha sahani, na pesti iwe bora namna gani haiwezi kulirekebisha kosa hilo. Na pale ambapo chipu za kando hufunikwa kwa padi laini, unene wa padi lazima uwe uleule wa asili: padi ya milimita 1.5 iliyowekwa mahali pa milimita 1 huinua sahani nzima, chipu ya pembeni ikapoa na prosesa ikaungua.

Kipuri na mafuta

Feni iliyolika ekseli hubadilishwa. Wapo wanaoibandua karatasi yake ya nyuma na kutia tone la mafuta ya cherehani, na kwa siku chache feni hunyamaza kweli. Halafu mafuta hukamata vumbi, yakawa uji, na mkwaruzo hurejea ukiwa mbaya zaidi. Mafuta hayo si dhambi kama fundi amesema wazi kuwa ni ya kuvusha siku mpaka kipuri kifike. Ni dhambi yakitozwa bei ya matengenezo.

Kipuri kikifika, maneno "hii orijino, bosi" yasihesabiwe kuwa ithibati. Linganisha karatasi za feni mbili: nambari ya kipande, volti 5 na kiasi cha ampea vilingane, hesabu nyaya za kiunganishi, kwa sababu feni ambayo haisikilizi amri ya mwendo huzunguka kwa kasi moja mchana kutwa, na mteja aliyekuja kwa ajili ya kelele ataondoka na kelele mpya, tazama umbo na idadi ya mapanga, kisha zungusha kwa ncha ya kidole na kusikiliza. Feni njema huzunguka kwa wepesi na kusimama polepole bila ya kuyumba. Iliyo duni husimama kwa mshtuko.

Uzito usio wa joto

Sasa twaifikia kompyuta iliyo nzito huku imepoa. Hapa ndipo mafundi wengi hutamka dawa moja ya magonjwa yote, "tupige Windows upya," na kweli mara nyingine hufaa, lakini dawa isiyotanguliwa na uchunguzi ni bahati nasibu, na gharama yake ni mafaili ya mwenye mali.

Uchunguzi huanza katika Task Manager, ambayo imo katika kila Windows na haihitaji kununuliwa. Diski ikisoma asilimia 100 ilhali prosesa ina nafasi tele, tatizo ni diski. Na kama ni ile ya kuzunguka, iliyo polepole kwa maumbile yake, kuibadilisha kwa SSD kutaihuisha kompyuta kuliko usafi wowote wa feni. RAM ikijaa, kompyuta hukopa nafasi katika diski na kila jambo huchelewa. Gigabaiti 4 ni kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft imekiweka kwa Windows 11, na atumiaye kiwango cha chini kabisa ajue kuwa anaishi mlangoni. Prosesa ikiwa na shughuli nyingi wakati mwenyewe hafanyi lolote, itafutwe programu inayohusika: huweza kuwa kinga ya virusi inayokagua, au masasisho yanayoshuka, au programu ya siri inayochimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu wa mbali, iliyoingia pamoja na kifaa cha kuvunjia leseni kilichopakuliwa bure. Katika hali hii ya mwisho feni itanguruma hata kama imesafishwa asubuhi hiyohiyo.

Na ipo hali iliyo nadra kidogo ambayo humpambanua bingwa: prosesa imepoa, haina kazi ya kuichosha, na bado imeganda katika gigahezi 0.4 au 0.8, haipandi hata ikipewa kazi. Huo si ubovu wa prosesa bali ni amri iliyotoka kwingine katika bodi, na mara nyingi huletwa na chaja ambayo kompyuta haikuitambua, au yenye wati chache kuliko inazohitaji. Fundi anayeanza kwa kujaribu chaja nyingine kabla ya kufungua hata skrubu moja anastahili heshima.

Ukimya wa hila

Imebaki kueleza udanganyifu ambao mteja hushindwa kabisa kuutambua kwa sikio, kwa kuwa matokeo yake ni ukimya halisi. Katika mipangilio ya umeme ya Windows kuna mahali pa kuweka kikomo cha juu cha prosesa. Kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99 tu, prosesa huzuiwa kupanda juu ya mwendo wake wa msingi. Ile ya gigahezi 3.4 hubaki karibu na 1.6, joto huanguka, feni hunyamaza, na kazi nzima imechukua dakika moja. Vumbi liko palepale, pesti ni ileile, na mwenye mali amelipa ili apokonywe nusu ya alichonunua.

Kikomo hicho si haramu kwa dhati yake. Mwandishi wa barua asiyehitaji kasi, ambaye anaishi katika chumba cha joto kali, huweza kukitaka kwa hiari yake, na fundi mwaminifu huweza kumshauri hivyo akimweleza anachopata na anachopoteza. Uovu ni kukiweka kwa siri na kukiita usafishaji. Mteja afungue mipangilio hiyo mwenyewe kabla ya kutoa pesa, aitazame namba.

Kipimo cha mwisho

Mtihani wa kazi una namba tatu: joto, mwendo, na wati, nazo zote huonyeshwa na programu ya bure kama HWiNFO, huku prosesa ikipewa mzigo wa Cinebench R23, ambao kwa desturi yake hudumu dakika 10. Sharti kipimo kichukuliwe mara mbili, kabla ya kufunguliwa na baada ya kufungwa. Ukiuliza, "Fundi, ulipima kabla hujafungua?" na ukajibiwa, "Bosi, mimi najua kwa sikio tu," basi umekwisha kujibiwa, kwa kuwa aliyekosa namba ya mwanzo hana wa kumshuhudia kuwa amebadilisha kitu.

Namba zenyewe zisomwe kwa insafu. Katika nusu dakika ya kwanza prosesa hukimbia sana, kisha hushuka. Kushuka huko peke yake si taksiri ya fundi. Kama wati zimetulia penye 15 na joto liko baina ya nyuzi 70 na 85, prosesa imeshuka kwa kanuni ya kiwanda na njia ya joto ni nzima. Kama wati zimeanguka chini ya 15 na joto limegota nyuzi 97 au zaidi, imeshuka kwa dhiki, na kazi haijaisha. Mtu asiyejua tofauti hiyo huweza kumlaumu fundi mwema na kumsifu mbaya.

Tena mahali pa kupimia pana hukumu yake. Joto la chumba hujumlishwa katika joto la prosesa karibu nyuzi kwa nyuzi. Duka lenye kiyoyozi cha nyuzi 22 na sebule ya Dar es Salaam mwezi wa Februari, penye nyuzi 32, hutofautiana kwa nyuzi 10, ambazo zatosha kuigeuza kompyuta iliyofaulu ikawa iliyoshindwa. Kwa hiyo kipimo cha dukani ni cha awali, na kipimo cha nyumbani ndicho cha hukumu. Na kama Windows imepigwa upya, siku ya kwanza isihukumiwe, maana kompyuta hushinda ikipokea masasisho na kupanga faharasa ya mafaili, na feni itavuma kwa haki.

Yapo pia mambo ambayo hakuna fundi awezaye kuyaondoa, na mteja muungwana hayadai. Kompyuta ya michezo yenye prosesa ya wati 45 na kadi kubwa ya picha itavuma ikiwa mpya, kwa kuwa ndivyo ilivyoundwa. Kompyuta nyembamba sana yenye mrija mmoja mfupi itafika nyuzi 90 hata kwa pesti bora. Fundi anayesema hivyo kabla ya kupokea kazi, na kuitaja namba anayoamini kuwa ataifikia, amejinyima mteja mwepesi wa kudanganywa na amejipatia mteja wa kudumu.

Basi suala la dhamana lifungwe kwa misingi hiyohiyo. Dhamana ya "ikisumbua, rudi nayo" haina uzito, kwa sababu kusumbua hakuna kipimo, na siku ya kurudi kila upande utakuwa na tafsiri yake. Iliyo na uzito ni ile inayoandikwa katika stakabadhi kwa maneno machache: jina la pesti iliyotumika, nambari ya feni kama imebadilishwa, joto na wati za kabla na za baada, kikomo cha prosesa kimeachwa asilimia 100, na namba ambayo kompyuta haitaivuka kwa kazi ya dakika 10 hata baada ya mwezi mmoja. Fundi anayekubali kuandika hayo na kutia sahihi apewe bei aliyoitaja bila ya kuombwa apunguze. Na anayekataa aulizwe bei ya kupuliza vumbi peke yake, alipwe hiyo.